La mgambo likilia mkononi, nani ataitika?

Vifaa vya kupimia afya vinavyounganishwa na intaneti vimeingia majumbani mwetu. Vipo vinavyookoa maisha na vipo vinavyohadaa. Jua tofauti kabla hujafungua pochi.

MSOMAJI mpendwa, kuna zawadi moja ambayo siku hizi imejipenyeza katika mizigo ya jamaa zetu wanaorudi likizo kutoka Arabuni. Zamani ilikuwa udi, manukato na kitambaa cha buibui. Siku hizi, juu ya hayo yote, huja na saa. Si saa ya kutazamia wakati tu, bali saa inayosemekana kupima mapigo ya moyo, presha, usingizi na hata sukari, kisha kuzituma habari hizo kwa simu kupitia intaneti. Kijana humvisha mamake mkononi na kumwambia: "Mama, ukiivaa hii, hata nikiwa kazini Doha nitaijua hali yako."

Ni zawadi ya mapenzi, na hakuna wa kuilaumu. Mzazi anayeugua presha au kisukari, ambaye watoto wake wametawanyika kwa sababu ya riziki, huhisi kuwa hayuko peke yake tena. Naye mtoto aliye mbali hulala usingizi wa amani.

Lakini hebu tujiulize. Itakuwaje saa hiyo ikipiga kelele saa nane za usiku? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana aliye Doha ataiona namba nyekundu kwenye simu yake, lakini hawezi kufungua mlango wa nyumba ya Mkomani, wala kumbeba mamake hadi kwenye tuktuk.

Swali la Jumapili hii, basi, si kama vifaa hivi ni vizuri au vibaya. Wahenga walinena kwamba la mgambo likilia kuna jambo. Sisi tunauliza: likilia, nani ataitika?

Viungo vitatu

Kila kifaa cha aina hii, kiwe kidogo kama pete au kikubwa kama friji, kina viungo vitatu. Kiungo cha kwanza ni kile kinachohisi. Chaweza kuwa taa ndogo inayomulika ngozi, kipande cha chuma kinachopokea umeme wa moyo, au kipimajoto. Kiungo cha pili ni njia. Habari husafiri kutoka kwenye kifaa hadi kwenye simu, kutoka kwenye simu hadi kwenye mnara, na kutoka kwenye mnara hadi kwenye kompyuta iliyo mbali, pengine ng'ambo kabisa. Kiungo cha tatu ni mtu: muuguzi, daktari, mtoto au jirani anayeisoma habari hiyo na kufanya jambo.

Kiungo kimoja kikikatika, vile viwili vilivyobaki havina kazi. Kihisi kikiwa kibovu, intaneti ya kasi itasafirisha uongo kwa kasi. Bando likiisha, kihisi kizuri kitasema peke yake kama mwendawazimu. Na asipokuwepo mtu wa kuitika, yote mawili ni pambo la mkononi.

Shauku ya kumpima mgonjwa kutoka mbali si ya jana wala juzi. Mnamo 1905 daktari Mholanzi, Willem Einthoven, aliusafirisha mchoro wa mapigo ya moyo wa wagonjwa kwa waya wa simu, kutoka hospitalini hadi kwenye maabara yake katika mji wa Leiden, umbali wa kama kilomita moja na nusu. Mashine yake ilikuwa kubwa mno, haikuweza kupelekwa wodini, kwa hiyo aliyaleta mapigo ya moyo kwenye mashine. Mwaka 1924 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya mchoro huo wa moyo.

Hapa kwetu nako, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957, ambalo leo tunalijua kwa jina la Amref, lilizifunga hospitali za mashambani kwa redio za masafa marefu. Muuguzi aliyekuwa mamia ya kilomita kutoka mjini aliweza kumweleza daktari dalili za mgonjwa na kuelekezwa la kufanya. Angalia, msomaji, kwamba katika mifano yote miwili, upande wa pili wa waya alikuwepo mtu anayesikiliza.

Waya mlangoni petu

Pengine wakazi wengi wa Mkomani hawajui kwamba wanaishi karibu na mojawapo ya milango ya intaneti ya Afrika Mashariki. Usione vyaelea, vimeundwa. Hadi 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kujikokota. Mwaka huo waya wa TEAMS kutoka Fujairah uliwasili Mombasa, na mwezi Julai ule wa SEACOM ukaanza kazi. Mwaka 2012 waya mwingine, LION2, ulitua Nyali, hapo hapo jirani. Ndani ya nyaya hizo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zinazopitisha mwanga, na ndani ya mwanga huo ndimo unamopita ujumbe wa saa ya mama.

Hata hivyo, kuwa karibu na kisima si kuwa na maji ndotoni na mitungini. Mkomani ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Nyali, na ni mahali ambapo majumba yenye walinzi na majenereta hayako mbali na vyumba vya kupangisha ambamo ndugu watano hugawana simu moja yenye kioo kilichopasuka. Katika nyumba ya kwanza kifaa kitaunganishwa mchana na usiku. Katika nyumba ya pili kitaunganishwa bando likiwepo. Stima ikipotea, kijisanduku cha intaneti huzima, nayo simu hufuatia ikiishiwa chaji. Anayekuuzia saa dukani hakwambii hayo.

Mambo? Sawa. Shida.

Sasa tutazame mahali ambapo mambo yalikwenda vizuri. Mfano bora umetoka Kenya, nao ulianza kwa simu za kawaida kabisa, zile za vibonyezo, kabla simu za kisasa hazijaenea.

Kati ya 2007 na 2008 watafiti wakiongozwa na Dkt Richard Lester waliwaandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. Wagonjwa hao walitoka katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Nusu yao walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine walitumiwa ujumbe mfupi kila juma na muuguzi wa kliniki. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa neno moja: "Mambo?"

Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa siku mbili. Aliyekuwa hajambo alijibu "Sawa". Aliyekuwa na tatizo alijibu "Shida". Muuguzi alimpigia simu kila aliyejibu "Shida", na pia kila aliyenyamaza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Miongoni mwa waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walisema wanameza dawa kama inavyotakiwa, hali wale wengine walikuwa asilimia 50. Waliofaulu kudidimiza virusi mwilini walikuwa asilimia 57 kwa upande mmoja na 48 kwa upande wa pili.

Ukitafakari utaona kwamba neno "Mambo?" halina dawa ndani yake. Kilichosaidia ni kwamba mgonjwa alijua kuna mtu anayemngojea ajibu, na kwamba akinyamaza atatafutwa. Simu iliuliza tu, na aliyeitika alikuwa muuguzi. Hilo liweke akilini, maana ndilo litakalotupimia vifaa vingine vyote.

Friji inayojua kuita

Mama aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki anajua kwamba chanjo hutolewa kwenye friji. Asilolijua pengine ni jinsi chanjo hizo zilivyo dhaifu. Nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi mchana na usiku. Chanjo ya polio ya matone huharibiwa na joto. Kwa upande mwingine, chanjo ya pepopunda na ile ya mchanganyiko inayokinga maradhi matano huharibiwa na kuganda. Ubaya ni kwamba chanjo iliyoharibika mara nyingi haina rangi wala harufu tofauti. Mtoto atachomwa sindano, atalia, kadi itatiwa alama, na kinga haitakuwepo.

Katika joto letu la Pwani, stima ikipotea Jumamosi jioni na zahanati ikiwa imefungwa hadi Jumatatu, nani atajua kilichotokea ndani ya friji? Zamani muuguzi alisoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Kilichotukia usiku wa manane kilikuwa siri ya friji.

Shirika la Kimarekani liitwalo Nexleaf Analytics liliunda kifaa kiitwacho ColdTrace, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizokitumia. Ni kihisi kinachotiwa ndani ya friji na kuunganishwa na mtandao wa simu. Joto likipanda au likishuka kupita kiasi, ujumbe humfikia muuguzi kwenye simu yake, na habari huhifadhiwa ili wakubwa wa wilaya au kaunti waone ni friji zipi zinazosumbua mara kwa mara. Muuguzi aliyepata ujumbe aweza kurudi, kuzihamishia chanjo kwenye kasha la barafu na kuzipeleka penye umeme.

Kifaa hiki hakivaliwi mkononi wala hakimeremeti, na wazazi wengi hawatakiona maishani mwao. Hata hivyo kina viungo vyote vitatu: kihisi kinachoaminika, njia ya bei nafuu, na muuguzi mwenye jina ambaye kazi yake ni kuitika.

Mkoba wa mhudumu wa mtaa

Mfano wa tatu waweza kubisha mlangoni pako wakati wowote. Mnamo Septemba 2023, jijini Nairobi, Rais William Ruto aliwazindua rasmi wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kutoka kaunti zote. Walikabidhiwa mikoba yenye mashine ya kupimia presha, kipima sukari, kipimajoto na mizani. Pia walipewa simu yenye programu ya kuandikia habari za kila nyumba wanayoizuru, badala ya yale madaftari makubwa ya zamani.

Kwa mkazi wa Mkomani jambo hili lina uzito. Presha ni maradhi ya kimya, na wengi huyagundua siku ya kwanza wanapopooza upande mmoja. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 uliona kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja maishani mwao.

Mhudumu anayempima nyanya kibarazani, akaiandika namba kwenye simu, na kumpa barua ya kwenda zahanati, ameunganisha kihisi, njia na mtu katika ziara moja. Yeye anaijua nyumba. Anajua kwamba nyanya huyu humeza dawa akijisikia vibaya tu, na kwamba dawa zikiisha humwonea haya mkwewe kumwomba pesa. Hakuna saa itakayomwambia mtu hayo.

Mashine bila fundi

Tusidanganyane, msomaji. Vifaa pekee havijengi afya. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kukodi mashine za kisasa kwa hospitali za kaunti zote 47. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa ripoti yake mwaka 2020, ikaonyesha kwamba baadhi ya mashine zilikuwa zimekaa bure kwa sababu hospitali hazikuwa na wataalamu, majengo au umeme wa kuziendesha. Mashine ilikuwepo na kodi ililipwa, lakini mgonjwa alirudi nyumbani bila huduma.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu nao wazingatie hapa. Kila kifaa kinachoingia hospitalini kinahitaji fundi wa kukikagua, kukisawazisha na kukitengeneza. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, hufundisha uhandisi wa vifaa vya hospitali. Anayependa fizikia na kompyuta lakini hataki kuona damu ana nafasi yake katika afya.

Saa inayokisia

Turudi sasa kwenye ile saa ya Arabuni. Kuhesabu mapigo ya moyo kwa taa ndogo ya kijani ni kazi ambayo saa nyingi huifanya vizuri vya kutosha mvaaji akiwa ametulia. Presha ni jambo jingine. Mashine ya presha inayotegemewa hubana mkono juu ya kiwiko kwa mkanda wa hewa. Saa isiyobana popote hukisia tu kutokana na mwanga, na hata zile za makampuni makubwa huhitaji kusawazishwa mara kwa mara kwa mashine ya mkanda.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye sukari. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe, bila kuitoboa ngozi. Sababu ya onyo ni ya uhai na kifo. Mgonjwa anayejidunga insulini hutazama namba ili aamue kipimo. Namba ikiwa ya juu kwa uongo, atajidunga kupita kiasi, sukari itashuka, atatetemeka, atatoka jasho jembamba, atachanganyikiwa, na aweza kuzirai na kufa siku hiyo hiyo.

Usikichanganye kiini macho hicho na kifaa cha kweli kinachobandikwa mkononi, chenye kijiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi na kutuma namba kwenye simu kila baada ya dakika chache. Hicho kipo. FreeStyle Libre, kwa mfano, ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014. Shida yake kwetu ni bei, kwani kibandiko huisha muda baada ya kama majuma mawili na lazima ununue kingine. Kwa familia ya kipato cha kawaida, kile kipima sukari cha tone la damu kidoleni, kikitumiwa kila siku kwa uaminifu, kitawafaa zaidi ya kibandiko cha ghali kinachonunuliwa mara moja kwa mwaka. Rahisi huwa ghali, lakini ghali nayo isiyodumu haina maana.

Kidole cheusi, namba nyeupe

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakwambii, pengine kwa sababu hata yeye halijui. Wakati wa korona watu wengi walinunua kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni. Kibanio hupitisha mwanga kwenye kidole na kupima ni kiasi gani kimefyonzwa na damu. Lakini rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga.

Mnamo Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha habari za kushtua katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliwatazama wagonjwa ambao kibanio kilisema wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, kiwango ambacho hakitishi sana, kisha wakalinganisha na kipimo cha damu yenyewe. Miongoni mwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa na oksijeni iliyoshuka vibaya, chini ya 88. Miongoni mwa weupe walikuwa asilimia 3.6. Yaani kifaa kiliwaficha hatari weusi takriban mara tatu zaidi.

Funzo si kukitupa kibanio. Funzo ni kwamba mtoto akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani na midomo ikibadilika rangi, usikae ukibishana na namba. Mpeleke hospitali. Macho ya mama ni kihisi cha kwanza, na hayahitaji chaji.

Siri ya mgonjwa

Zamani siri ya maradhi ilikaa baina ya mgonjwa, daktari na jamaa wachache. Kifaa cha intaneti huongeza wasikilizaji. Namba za mama hupita kwa kampuni iliyounda saa, huhifadhiwa katika kompyuta za nchi nyingine, na huenda zikatumiwa kibiashara. Fikiria mwajiri au kampuni ya bima ikijua ugonjwa wako kabla hujaamua kuutaja. Au fikiria binti anayetumia programu ya kuhesabu siku zake, na simu yenyewe hugawana na kaka zake.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya miongoni mwa data nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Inakupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Anayedhulumiwa aweza kulalamika kwa Kamishna wa Data. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha pia Sheria ya Afya ya Dijitali, inayohusu rekodi za wagonjwa zinazohifadhiwa kwa kompyuta. Lakini sheria ni kama kufuli: haina faida kwa anayeacha mlango wazi. Ukibonyeza "nakubali" bila kusoma, ufunguo umeutoa mwenyewe.

Kuna na hatari ya wezi wa mtandaoni. Mwezi Agosti 2017, FDA ilitangaza kwamba mashine za kusawazisha moyo zipatazo 465,000 nchini Marekani, zilizoundwa na kampuni iliyokuwa imenunuliwa na Abbott, zilihitaji kurekebishwa programu, kwa vile mtu mwenye nia mbaya angeweza kuziingilia kutoka nje. Wagonjwa waliombwa kwenda kliniki zirekebishwe. Kama mashine iliyo ndani ya kifua yahitaji ulinzi, sembuse saa ya bei ya chini isiyojulikana mwenyewe!

Kabla ya kununua

Haya basi, msomaji. Ikiwa umeazimia kumnunulia mzazi kifaa, zingatia mambo yafuatayo.

Mosi, anza na ugonjwa, usianze na kifaa. Mwenye presha anahitaji mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko. Mwenye kisukari anahitaji kipima sukari na vijikaratasi vyake vya kutosha miezi yote, si mwezi wa kwanza tu.

Pili, kilinganishe. Siku ya kwanza kipeleke zahanati, mzazi apimwe kwa mashine ya muuguzi na kwa yako, moja baada ya nyingine. Zikitofautiana sana, kirudishe dukani.

Tatu, jifunzeni kupima. Mzazi aketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Asipimwe mara tu baada ya kahawa chungu, sigara au muguka, bali angoje nusu saa. Pimeni mara mbili, muandike zote mbili na tarehe. Daftari la shilingi chache halihitaji bando, na daktari atalifurahia.

Nne, jueni namba na dalili. Kwa kawaida presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa siku tofauti, inataka daktari. Ikifika 180 kwa 120, na pawepo maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kufifia, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Sukari ikiwa chini ya 4, mgonjwa anayeweza kumeza apewe kitu chenye sukari mara moja.

Tano, na hili ndilo kubwa, pangeni zamu ya kuitika. Chukueni karatasi na muibandike ukutani kando ya kitanda. Andikeni jina la anayepigiwa kwanza, ambaye lazima awe karibu. Andikeni jirani aliye na ufunguo wa akiba, na dereva wa tuktuk au teksi anayekubali kuamshwa usiku. Andikeni hospitali mtakayokwenda, na kama ni Hospitali Kuu ya Pwani, mjue kwamba mtavuka Daraja la Nyali hadi kisiwani. Andikeni dawa anazotumia mgonjwa. Tengeni na nauli ndani ya bahasha, isiguswe kwa kununulia mboga.

Mtoto aliye ng'ambo naye ana zamu yake. Yeye ni wa kupiga simu, kuhimiza, na kutuma pesa za dawa kila mwezi bila kukumbushwa. Hilo ni tendo kubwa kuliko saa. Zaidi ya hayo, amuulize mamake kama anataka kutazamwa. Wazee wengine huhisi kama wamefungwa kengele ya mbuzi shingoni. Mgonjwa ni mwenye mwili na mwenye neno.

Zile simu za vibonyezo zilizotuma "Mambo?" hazikuwa na kioo cha rangi wala intaneti ya kasi. Zilikuwa na muuguzi aliyesubiri jibu, na akanyanyua simu asipolipata. Jioni ya leo, kabla ya kukitafuta kifaa madukani, keti na jamaa zako muulizane ni nani katika nyumba yenu atakayeamka. Jina hilo likipatikana, kifaa chochote kizuri kitawafaa. Lisipopatikana, hilo ndilo la kutafutwa kwanza, na halina bei dukani.